Khabari za Ibn Sina na Suala la Mimi ni Nani

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mtu kwa udongo, kisha akampa roho na akili na akamjaalia kuwa mwenye kuulizwa kwa ayatendayo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu, tumekusudia katika kijitabu hiki kuwaeleza khabari za mtu ambaye jina lake lajulikana na wengi, na khabari zake zajulikana na wachache. Watu wetu wasikiapo jina la Ibn Sina humdhania kuwa ni tabibu tu, bwana wa dawa na mizizi. Kweli alikuwa tabibu, tena tabibu mkubwa. Lakini liko jambo jingine alilolishughulikia umri wake wote, nalo lamhusu kila mmoja wetu, mwenye elimu na asiye elimu, tajiri na maskini. Jambo hilo ni kujua huyu asemaye mimi ni nani.

Fikiri, ewe msomaji. Mtu alikopa fedha akiwa kijana wa miaka 20. Leo ana miaka 50. Nywele zake zilikuwa nyeusi, sasa ni nyeupe; meno yake yamepunguka; mwili wake umenenepa na kukonda na kunenepa tena; aliyoyapenda siku zile leo ayachukia, na mengi aliyoyajua ameyasahau. Mdai wake akimjia kutaka haki yake, je, aweza kumjibu kuwa aliyekopa ni kijana mwingine, naye hayupo tena? Hapana kadhi atakayemkubalia, wala hapana mtu barazani asiyemcheka. Sote twajua kuwa aliyekopa ndiye huyu huyu. Lakini tukiulizwa ni kitu gani hicho kilichobaki kile kile, na hali kila tukionacho kimegeuka, hapo wengi wetu hunyamaza. Na suala hili si mchezo wa maneno. Juu yake zimesimama deni na ndoa, na wasia na toba, na hisabu ya Siku ya Kiyama. Kwani ikiwa aliyetenda siye atakayeulizwa, malipo hayana maana.

Kuzaliwa kwake na kusoma kwake

Jina lake ni Abu Ali Al-Husain bin Abdillah bin Sina. Alizaliwa mwaka 370 wa Hijra, nao ni mwaka 980 wa Miladi, katika kijiji cha Afshana, karibu na mji wa Bukhara, ambao leo uko katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh, akaja Bukhara zama za Amiri Nuh bin Mansur wa ukoo wa Wasamani, akatiwa katika kazi ya serikali kuangalia kijiji kiitwacho Kharmaythan. Mama yake alikuwa mwanamke wa Afshana, jina lake Sitara. Khabari za ujana wake twazijua kwa kuwa alimsimulia mwenyewe mwanafunzi wake, Abu Ubaid Al-Juzjani, naye akaziandika, na baada ya hapo akaongeza aliyoyaona kwa macho yake.

Jamaa hao wakahamia Bukhara, na mtoto akatiwa chuoni. Alipotimia miaka 10 alikuwa amekwisha kuihifadhi Kurani, na amesoma mengi ya adabu, hata watu wakamstaajabia. Hisabu ya Kihindi alifundishwa na mwuza mboga, na fikihi akaisoma kwa Ismail Az-Zahid. Kisha akaja Bukhara mtu aliyeitwa An-Natili, mwenye kujua mantiki. Baba yake akamweka nyumbani ili amsomeshe kijana. Haikupita muda mwingi mwanafunzi akampita mwalimu.

Na hapa pana jambo la kuangaliwa. Baba yake na ndugu yake walikuwa wakiwasikiliza walinganiaji wa Kiismaili waliotoka Misri, na mazungumzo yao nyumbani mara nyingi yalikuwa juu ya nafsi na akili. Mtoto alikuwa akikaa nao akisikiliza. Aliyafahamu wayasemayo, lakini moyo wake haukuyakubali, wala hakuifuata njia yao. Basi suala la nafsi alilisikia kwanza si kwa mwalimu wala katika kitabu, bali katika nyumba ya baba yake, angali mdogo. Na tokea hapo akajizoeza kutochukua neno kwa kuwa limesemwa na wakubwa, mpaka alipime mwenyewe.

Elimu ya utabibu hakuiona kuwa ni elimu nzito. Alipokuwa na miaka 16, matabibu wakubwa walikuwa wakija kusoma kwake. Kisha akashika mantiki na falsafa kwa muda wa mwaka na nusu, asilale usiku mzima hata mmoja. Lilipomtatiza jambo alikwenda msikitini, akasali, akamwomba Muumba wa vyote amfungulie. Kitabu cha Aristotle katika elimu ya yaliyo juu ya maumbile alikisoma mara 40 hata akakihifadhi, na asifahamu makusudio yake, akakata tamaa. Siku moja alasiri yuko katika soko la wauza vitabu, dalali akamshurutisha anunue kitabu kwa dirhamu 3. Alikataa kwanza, kisha akanunua. Kumbe ni kitabu cha Al-Farabi kinachoeleza makusudio ya kitabu kile kile. Akakisoma, na papo hapo mambo yakamfunukia. Siku ya pili akatoa sadaka nyingi kwa maskini, kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Siku zile Amiri Nuh bin Mansur akaugua maradhi yaliyowashinda matabibu wake. Kijana akaitwa, akashirikiana nao kumtibu, na kwa ajili hiyo akapewa ruhusa kuingia katika maktaba ya Amiri. Akakuta vyumba vingi, na katika kila chumba masanduku ya vitabu yamepangwa, kila elimu na chumba chake. Akaona humo vitabu ambavyo watu wengi hawakupata hata kuvisikia majina. Alipotimia miaka 18 alikuwa amekwisha kuzisoma elimu hizo zote. Na baadaye husema kuwa siku zile alihifadhi zaidi, lakini katika utu uzima elimu ile ile imekomaa, wala haikuongezeka kitu kipya.

Mtu wa nguo nyingi

Baba yake akafa, na ufalme wa Wasamani ukavunjika mwaka 999. Ibn Sina akalazimika kuondoka Bukhara, wala hakurudi tena. Akaenda Gurganj, katika nchi ya Khwarazm, akaingia kwa mtawala wa huko naye amevaa mavazi ya mafakihi: shali la taylasani mabegani, na kitambaa kimepitishwa chini ya kidevu. Akapangiwa mshahara. Kisha akatoka huko akazunguka miji ya Khurasani, mji baada ya mji, makusudio yake kumfikia Amiri Qabus wa Jurjan. Kumbe Qabus amekwisha kushikwa na kufungwa, na humo akafa. Ibn Sina akaugua sana Dihistan, akarudi Jurjan. Na huko ndiko alikokutana na Al-Juzjani, ambaye hakumwacha tena mpaka kufa kwake, muda wa miaka ipatayo 25.

Kutoka Jurjan akaenda Rayy, karibu na Tehrani ya leo, akamtibu Majd ad-Dawla aliyekuwa na maradhi ya huzuni. Kisha akafika Hamadan, na Amiri wa huko, Shams ad-Dawla, alikuwa na ugonjwa wa tumbo uitwao kulanji. Akakaa kwake siku 40 usiku na mchana akimtibu mpaka akapoa. Amiri akampenda, akamfanya waziri wake. Basi fakihi wa jana amekuwa waziri, watu husimama apitapo, na mlango wake haukosi wenye haja.

Lakini cheo ni nguo ya kuazima. Askari wakaingiwa na khofu juu ya maslaha yao, wakaizunguka nyumba yake, wakamkamata wakamtia gerezani, wakanyang'anya vitu vyake vyote, wakamtaka Amiri amwue. Amiri akakataa kumwua, ila akamfukuza katika kazi ili kuwaridhi. Waziri akajificha siku 40 katika nyumba ya rafiki. Kisha maradhi yakamrudia Amiri. Akamtafuta, akamtaka radhi sana, akamrudishia uwaziri. Mchana akafanya kazi za dola, na usiku wanafunzi wakakusanyika kwake, wakisoma kwa zamu, huyu katika kitabu chake kikubwa cha falsafa kiitwacho Ash-Shifa, na huyu katika Al-Qanun, kitabu cha utabibu.

Wala hatutaki kuficha. Al-Juzjani ameandika kuwa baada ya masomo hayo ya usiku vilikuwa vikiletwa vinywaji pamoja na waimbaji, na Ibn Sina mwenyewe amekiri kuwa katika ujana wake usingizi ukimzidi alikuwa akinywa kikombe cha mvinyo apate nguvu ya kusoma. Hayo ni makosa, na elimu haiyageuzi kuwa halali. Twayataja ili msomaji ajue kuwa hatumsifu mtu ila kwa lililo jema, na kwa kuwa, kama tutakavyoona, mwenyewe alikuja kujua kuwa aliyeyatenda hayo ni yeye, wala si mwingine.

Mtu aliyening'inia hewani

Shams ad-Dawla akafa mwaka 412 (1021). Mwanawe akamtaka Ibn Sina awe waziri wake, naye akakataa, akamwandikia kwa siri Ala ad-Dawla, mtawala wa Isfahan, kumtaka kwenda kwake. Akajificha katika nyumba ya mtu mmoja mwuza dawa na manukato, jina lake Abu Ghalib. Hapo hakuwa waziri, wala tabibu wa mfalme, wala mwalimu mbele ya halaiki. Hakuwa na vitabu vyake. Al-Juzjani akamwomba aikamilishe Ash-Shifa. Akataka karatasi na wino, akaandika kwanza vichwa vya masuala kwa kukumbuka tu. Kisha akawa akiandika kila siku kurasa 50, hata akamaliza sehemu ya maumbile, illa kitabu cha wanyama na cha mimea, na akamaliza sehemu ya mambo ya Uungu. Na Kitabu cha Nafsi ni katika sehemu hiyo ya maumbile.

Katika kitabu hicho amepiga mfano ambao wanavyuoni hawakuacha kuuzungumza tangu siku zile hata leo. Tutaueleza kwa maana yake.

Jikadirie, ewe msomaji, kuwa umeumbwa sasa hivi kwa mara moja, mtu mzima, mwenye akili timamu. Lakini macho yako yamefunikwa, huoni kitu. Umening'inia hewani, wala hewa yenyewe huihisi kupita juu ya ngozi yako. Viungo vyako vimetawanywa, mkono haugusi ubavu, kidole hakigusi kidole. Husikii sauti, hunusi harufu, wala huna kumbukumbu ya jana, kwani jana hukuwako. Hujui kuwa una mkono, wala mguu, wala moyo, wala ubongo. Je, katika hali hiyo utajua kuwa wewe upo?

Ibn Sina asema kuwa utajua pasi na shaka. Hutajua urefu wako wala upana wako, wala umbo lako. Lakini utathibitisha kuwa wewe upo. Na lau katika hali ile ungeweza kuwaza mkono, usingeuona kuwa ni sehemu yako, wala kuwa ni sharti ya kuwapo kwako. Basi, asema, kile ulichokithibitisha si kile usichokithibitisha. Umeithibitisha nafsi yako na hukuuthibitisha mwili wako. Kwa hivyo nafsi yako ni kitu kingine mbali na mwili. Viungo kwetu ni kama nguo: kwa kuwa twavivaa daima, twadhani kuwa ndivyo sisi, na tofauti yake ni kuwa nguo twazoea kuzivua, na viungo hatukuzoea kuvivua.

Angalia ni nani aliyeandika maneno haya, na wapi. Ni mtu aliyevuliwa joho la uwaziri mara ya pili, amejifungia ndani ya chumba cha mwuza manukato, akikhofu kila agongaye mlango. Kila ambacho watu walikuwa wakimwitia kimemwondokea. Na asemaye mimi bado yupo.

Palipo na nguvu na palipo na udhaifu

Si haki kusifu hoja bila ya kuipima. Wako waliosema, nao wana haki ya kusikilizwa, kuwa kukijua kitu bila ya kujua kimefanywa kwa nini si dalili kuwa hakikufanywa kwa kitu hicho. Mfano wake: waona mtu kwa mbali usiku, wajua kuwa ni mtu, wala hujui kuwa ni ami yako. Je, yafuata kuwa yule si ami yako? Haifuati, huenda akawa ndiye, na giza ndilo lililokuzuia. Vivyo hivyo mtu yule wa hewani huenda asijue kuwa ana mwili, na huku mwili ndio unaomfanya ajijue. Na kwa kweli Ibn Sina mwenyewe aliuita mfano huu tanbihi na ukumbusho kwa mwenye uwezo wa kuiona haki mwenyewe. Hoja nyingine zilizo nzito zaidi aliziweka mahali pengine. Mfano wake ni kama mtu ashikaye bega la aliyelala: haumthibitishii kila kitu, lakini wamwamsha aangalie.

Hoja nyingine inayonasibishwa kwake katika risala ya kuijua nafsi iko karibu zaidi na mfano wetu wa deni. Mwili, yasema, hauachi kuyeyuka na kupunguka, na ndiyo sababu ya mtu kuhitaji chakula; kila siku chatoka kitu na chaingia kingine badala yake. Ukipita muda mrefu, katika mwili ule wa kwanza hakibaki ila kidogo. Walakini wewe wajua kuwa ndiye yule wa umri wako wote, na wakumbuka mengi yaliyokupata. Basi kilichodumu si kile kilichoyeyuka.

Tena Ibn Sina aliukataa vikali uwongo wa tanasukhi, yaani nafsi ya mtu kuhama baada ya kufa ikaingia katika mwili mwingine. Alisema kuwa nafsi haikuwapo kabla ya mwili wake. Yaumbwa pamoja nao, kila mwili na nafsi yake. Na kila mtu ajihisi kuwa ni nafsi moja tu, yenye kuutawala mwili wake. Lau ingekuwamo nafsi ya pili asiyoijua, wala haina kazi mwilini, hiyo haina uhusiano naye. Na mwili ukifa, nafsi yabaki, wala haichanganyiki na nafsi nyingine, kwani kila moja imepata upekee wake kwa mwili iliokuwa nao, na wakati iliopoumbwa, na tabia ilizozichuma. Hili la mwisho lataka kuzingatiwa: matendo yako na mazoea yako yaandika juu ya nafsi yako, na kwa maandishi hayo wewe ni wewe.

Palipomwingiza taabuni ni suala la kufufuliwa miili. Katika Ash-Shifa amesema kuwa kufufuliwa kwa mwili kumethibiti kwa sharia na kwa khabari ya Mtume, na kuwa akili yatazama furaha na adhabu ya nafsi. Lakini katika risala nyingine, katika mambo ya marejeo, ameyageuza maneno ya ufufuo kuwa ni mifano kwa watu wa kawaida. Kwa hili Imamu Al-Ghazali alimrudi kwa nguvu katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza mwaka 488 (1095), na akalihisabu kuwa ni moja katika mambo matatu yamtoayo mwenye kuyaitakidi katika dini.

Ajabu ni hii, kuwa Al-Ghazali alipomrudi alichukua upanga kutoka ghalani mwake. Wanafalsafa walisema: mwili umekuwa mchanga, mchanga ukawa mmea, mmea ukaliwa na mnyama, na mnyama akaliwa na mtu mwingine, hata twaweza kusema, baharia amezama akaliwa na samaki, na samaki akavuliwa akaliwa na watu. Je, nyama ile yafufuliwa na nani? Al-Ghazali akajibu kuwa mtu ni mtu kwa nafsi yake, si kwa mwili wake. Kwani viungo vyake vyabadilika tangu utoto hata uzee, kwa kukonda na kunenepa na kubadili chakula, naye ni yule yule. Basi Mwenyezi Mungu aweza kuirudisha nafsi katika mwili, ukiwa ni wa mada ile ya kwanza au ya nyingine, na aliyefufuliwa ni yule yule aliyekufa, na haki itakuwa imesimama. Hivyo hoja ya Ibn Sina ya kubaki kwa nafsi ikawa ndiyo iliyotumiwa kuondoa shaka ya wanafalsafa. Na khakika ya roho yenyewe ni katika siri za Mola wetu, nasi tumepewa elimu kidogo tu.

Kitabu chake cha Nafsi kikafasiriwa kwa Kilatini katika mji wa Toledo, nchi ya Andalusi, katika karne ya 12 ya Miladi, na wanavyuoni wa Ulaya wakausoma mfano wa mtu wa hewani. Mwaka 1641 Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, akatoa kitabu chenye hoja iliyo jirani nayo, kuwa mtu aweza kutia shaka katika kila kitu, hata mwili wake, asiweze kutia shaka kuwa yeye yupo. Na hata leo katika vyuo vikuu suala hili halijafungwa. Wako wasemao kuwa mtu ni kumbukumbu zake, na wako wasemao kuwa ni ubongo wake, na wako wasemao kuwa hapana kitu kimoja kinachodumu. Lakini hata hao wa mwisho, wakidaiwa, hulipa.

Gereza, safari na kufa

Siri ya barua za Ibn Sina ikajulikana. Akashikwa, akafungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan. Humo akaandika kisa cha Hayy bin Yaqzan, na kitabu cha maradhi ya kulanji, na kitabu cha Al-Hidaya. Alipotolewa akarudishwa Hamadan, naye akawa anangoja nafasi. Karibu ya mwaka 414 (1024) akatoka mjini kwa siri, pamoja na ndugu yake na Al-Juzjani na watumwa wawili, wote wamevaa mavazi ya masufi ili wasijulikane. Katika njia wakapata mashaka mengi, hata wakafika malango ya Isfahan, wakapokewa kwa heshima, akaletewa nguo na wanyama wa kupanda. Mara ya ngapi hii kubadilishwa mavazi! Fakihi, waziri, mfungwa, sufi wa njiani, kisha mshauri wa mfalme. Na ndani yake ni mtu mmoja.

Isfahan alikaa kwa amani zaidi kuliko kwingine, akaimaliza Ash-Shifa, akaandika An-Najat, na Al-Isharat wat-Tanbihat, ambamo ameurudia mfano wa mtu wa hewani, na kitabu cha falsafa kwa Kifarsi. Usiku wa kuamkia Ijumaa wanavyuoni walikusanyika mbele ya Ala ad-Dawla kwa mazungumzo ya elimu.

Mwisho akashikwa na kulanji, maradhi yale yale aliyokuwa akiwatibu wafalme na kuyatungia kitabu. Kwa haraka ya kupona akajitia dawa mara nane katika siku moja, hata matumbo yakaingia vidonda. Watumishi wake waliokuwa wamemwibia mali wakamtilia afyuni nyingi katika dawa, wakikhofu kuwa akipona atawahisabu. Akapata nafuu kidogo, asijizuie na yamdhuruyo. Kisha akafuatana na Ala ad-Dawla katika safari ya Hamadan, na njiani ugonjwa ukarudi. Alipofika aliona kuwa nguvu zimekwisha. Akaacha dawa, akasema kuwa yule msimamizi aliyekuwa akiuongoza mwili wake sasa ameshindwa kuuongoza, na tiba haifai kitu tena.

Na hapa ndipo tulipokuwa tukikusudia kufika. Tabibu huyu, aliyesema kuwa mwili ni kama nguo, hakusema kuwa madhambi ya ujana ni ya mwili uliokwisha kuyeyuka. Wapokezi wa khabari zake wamesimulia kuwa alioga, akatubu, akawapa mafakiri alichokuwa nacho, akawarudishia watu haki zao wale aliowajua, akawaacha huru watumwa wake, na akawa akiikhitimu Kurani kila siku tatu. Kurudisha haki ya mtu ya zamani maana yake ni kukiri kuwa mkono ulioichukua umegeuka, na aliyeichukua hakugeuka. Akafa Hamadan mwezi wa Ramadhani, mwaka 428 (1037), naye ana miaka 58 kwa hisabu ya Hijra. Kaburi lake liko huko Hamadan, katika Iran, hata leo. Kitabu chake Al-Qanun kilisomeshwa katika vyuo vya Ulaya hata karne ya 17.

Khatima

Ndugu zetu, katika khabari hizi mna manufaa matatu. La kwanza, ni kuwa asijisahau mtu kwa joho lake, wala kwa kazi yake, wala kwa jina la ukoo wake. Yote hayo huvaliwa na huvuliwa, na atakayebaki ni wewe peke yako. La pili, ni kuwa elimu hupimwa, hata ikitoka kwa mtu mkubwa. Ibn Sina aliwapima walimu wake, na Al-Ghazali akampima Ibn Sina. Akachukua la haki, akaliacha la makosa, wala hakuitupa embe nzima kwa ajili ya doa moja. La tatu, nalo ndilo kubwa, ni kuwa miaka hailipi deni. Ukiwa ulimdhulumu mtu zamani, ukala mali ya yatima, ukanyanyasa mke, au ukakata udugu, usijifariji kuwa yule alikuwa kijana na wewe leo ni mzee wa msikitini. Yule ndiye wewe. Nenda kwake ungali na pumzi, umrudishie haki yake na kumtaka radhi. Kwani wewe uliyetenda ndiye utakayeulizwa, na jambo hili, ambalo ni khofu kwa mdhalimu, ni faraja kwa mwenye kutubu: kwani atakayesamehewa pia ni wewe yule yule, wala si mwingine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na yeye, atujaalie kuzijua nafsi zetu kabla ya kuulizwa juu yake. Amin.